Maswali na Majibu: Meli za Watumwa za Atlantiki na Watu wa Pwani Yetu Waliopakiwa Humo

Tangu niandike hapa kwamba meli za watumwa za Atlantiki zilifika hadi pwani ya mashariki, barua zimenijia nyingi. Baadhi zina hasira, baadhi zina uchungu, na kadhaa zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Mimi ni Mmakua wa Masasi. Shuleni tulifundishwa kuwa watumwa wa Amerika walitoka Afrika Magharibi tu. Je, na watu wetu walifika huko?

JIBU: Walifika, ndugu yangu, na hawakuwa wachache. Katika karne zote za biashara hiyo, watu wapatao 540,000 walipakiwa kwenye meli za Atlantiki kutoka kusini-mashariki mwa Afrika na visiwa vyake. Wengi walipakiwa Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, na baadhi Kilwa. Wamakua waliumia sana kwa kuwa nchi yao iko nyuma tu ya bandari, lakini misafara ya Wayao nayo iliteremsha pwani mateka kutoka mbali, hata upande wa Ziwa Nyasa.

Kilwa ina habari yake. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa waliouzwa kwa njia hiyo waliishia kwenye mashamba ya Wafaransa huko Morisi na Réunion, humuhumu Bahari ya Hindi. Ila katika miaka ya 1780 zilikuwapo meli za Kifaransa zilizopakia watu pwani ya mashariki, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kwenda hadi Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo.

Kishindo kikubwa kilikuja baada ya 1815. Waingereza walikuwa wameshapiga marufuku biashara yao wenyewe, wakawabana Wareno waache kuchukua watumwa kaskazini mwa ikweta, na manowari zao zikawa zinavizia pwani ya Afrika Magharibi. Wafanyabiashara wa Rio de Janeiro hawakuacha. Walizidisha safari za Luanda na Msumbiji. Kutoka Luanda hadi Rio ni mwendo wa mwezi na siku kadhaa. Kutoka Msumbiji ni zaidi ya miezi miwili, tena kwa kupita bahari ya kusini yenye baridi na mawimbi makali, kwa hiyo waliokufa njiani walikuwa wengi zaidi.

Habari za meli moja tunazijua vizuri. São José ilitoka Lisbon mwaka 1794 ikiwa na vipande vya chuma zaidi ya 1,000 tumboni. Vilikuwa vya kuipa uzito, kwa sababu binadamu ni shehena nyepesi na meli lazima itulie majini. Desemba mwaka huohuo iling'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji ikiwa na mateka zaidi ya 400, ikielekea Maranhão, Brazili. Tarehe 27 Desemba ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Watu zaidi ya 200 walizama, na waliookolewa waliuzwa hukohuko Cape Town. Mabaki yake yametambuliwa na wanaakiolojia, na mwaka 2015 udongo kutoka Mossuril, nchi ya Wamakua, ulipelekwa ukamwagwa baharini pale ilipozamia. Kila nikikumbuka kwamba ilipita miaka zaidi ya 200 ndipo wale watu wakapelekewa konzi ya udongo wa kwao, moyo unaniuma.

Wengi waliofika Brazili waliandikwa tu "Moçambique", awe Mmakua au Myao. Kule Kuba waliandikwa "Macuá". Hadi leo, katika sikukuu za Mama Maria wa Rozari jimboni Minas Gerais, Brazili, vipo vikundi vya ngoma viitwavyo Moçambique, na ndivyo vyenye heshima ya kuwasindikiza mfalme na malkia wa sherehe.

SWALI: Waliochukuliwa walikuwa wangapi hasa? Mtandaoni naona milioni 10, mara 60, mara 100. (Nairobi)

JIBU: Meli za Atlantiki zilipakia watu wapatao milioni 12.5. Walioshuka hai ni kama milioni 10.7. Tofauti hapo ni watu milioni 1.8, na kaburi lao ni bahari.

Hesabu hii haikuokotwa hewani. Wanahistoria wamekusanya kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 kutoka kwenye madaftari ya makampuni, forodha, bima na manahodha. Mtu aliyepakiwa alikuwa mtaji wa mtu, na mtaji huandikwa. Wasioonekana humo ni waliouawa kijiji kilipochomwa, walioanguka njiani kwenda pwani, na waliofia kwenye maghala wakingoja meli. Wanaotaja makumi ya milioni mara nyingi wanajaribu kuwajumlisha hao. Nia yao naielewa, lakini namba isiyo na msingi humpa anayetaka kuikana historia yote mahali pa kushika.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba Marekani ilipokea kidogo: watu kama 390,000 moja kwa moja kutoka Afrika. Brazili peke yake ilipokea karibu milioni 4.9. Lakini ilipofika 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, kwa sababu waliishi muda wa kutosha kuzaa na kulea. Kwenye miwa ya Brazili na Visiwa vya Karibi waliokufa waliwazidi waliozaliwa, na wenye mashamba walipiga hesabu wakaona ni nafuu kununua mtu mwingine kuliko kumtunza aliyepo.

SWALI: Kwa nini hawakuwatumia wenyeji wa Amerika, au Wazungu wenzao maskini?

JIBU: Walianza na hao hao. Wenyeji walitumikishwa migodini na mashambani wakafa kwa mamilioni, kwa ndui na surua zilizoletwa na wageni, na kwa kazi yenyewe. Wazungu maskini walipelekwa kwa mikataba ya miaka kadhaa, lakini mkataba ulikuwa na mwisho wake, na aliyetoroka angeweza kujichanganya mjini asitambulike.

Wareno, kwa upande wao, walishaijua njia nyingine. Ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, waliianza 1482, na katika kisiwa cha São Tomé walikuwa wakilima miwa kwa watumwa kutoka bara la Afrika. Mpango huohuo ndio uliovushwa hadi Brazili. Muwa ukishakatwa hausubiri; usipokamuliwa upesi unaharibika, kwa hiyo vinu vilisaga usiku na mchana msimu mzima. Kando ya kinu iliwekwa panga, ili aliyesinzia mkono ukanaswa kwenye magurudumu akatwe mkono kabla mwili wote haujavutwa ndani. Panga hilo halikuwa la kumwokoa mtu tu. Lilikuwa pia la kuokoa kinu kisisimame.

Halafu ikaja sheria. Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, ilitunga mwaka 1662 sheria iliyosema mtoto hufuata hali ya mama yake. Bwana aliyemzalisha mtumwa wake hakupata mtoto, alipata mali. Hapo utumwa ukawa wa kurithiwa, ukashikana na rangi ya ngozi.

SWALI: Tunaishi Minnesota. Mwanangu ameambiwa na mwenzake Mmarekani mweusi, "Ninyi ndio mliotuuza." Alirudi nyumbani analia. Nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, kwanza mwambie amsikilize mwenzake, maana uchungu wa yule mtoto ni wa kweli. Kisha msimulie haya.

Watawala wa Kiafrika waliouza watu walikuwapo. Ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo, uliiteka bandari ya Ouidah mwaka 1727 ukaifanya mlango wake wa biashara. Waasante, wa Ghana ya leo, waliuza. Matajiri wa bandari za Bonny na Calabar, katika Nigeria ya leo, walijenga nyumba zao kwa pesa hiyo. Tukilificha hili hatumsaidii mtu. Ila muuzaji wa Ouidah hakujiona anamuuza ndugu yake. Aliyekuwa mikononi mwake alikuwa mateka wa vita, mtu wa mfalme mwingine, mungu mwingine na lugha nyingine. Fikra kwamba sisi sote ni Waafrika ilikuja baadaye, na waliotangulia kuishika kwa nguvu ni haohao waliouzwa, walipojikuta wamefungwa mnyororo mmoja na watu wasioelewana lugha.

Msimulie pia habari za Nzinga Mbemba, mfalme wa Kongo, aliyebatizwa Afonso. Alikuwa Mkristo, msomi, na alimwita mfalme wa Ureno ndugu yake. Mwaka 1526 alimwandikia João wa Tatu kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakuu na jamaa zake mwenyewe, na nchi inaishiwa watu. Huyu Afonso naye alikuwa ameuza mateka wa vita. Alipoona hawezi kuizuia biashara, aliteua watu watatu wamchunguze kila anayetaka kuvushwa, kama kweli ni mateka halali au ni raia aliyeibwa. Mimi barua zake hunisikitisha kuliko karibu kila kitu katika historia hii, kwa sababu zinamwonyesha mtu aliyedhani anaweza kufungua mlango nusu. Mtawala aliyekataa kabisa alikosa bunduki na baruti, na jirani aliyekubali akazipata. Malkia Nzinga wa Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo, aliyewasumbua Wareno karne iliyofuata, naye alipigana nao miaka mingi na bado akauza watu pale siasa ilipomlazimu.

Wenye meli, wenye bima, wenye mashamba na wafalme waliotoza ushuru walikuwa Lisbon, Liverpool, Nantes, Rio na Bahia. Wao ndio waliokuwa na haja ya watu milioni 12.5. Lakini msimwambie mtoto kwamba habari hii haiwahusu kabisa kwa kuwa mmetoka Tabora au Kigoma. Misafara ilipita huko pia, ikielekea bahari nyingine.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga. Naomba unieleze jinsi watu walivyosafirishwa melini.

JIBU: Mwanangu, vitabu vya mtihani huandika "hali ilikuwa mbaya" vikapita. Haitoshi.

Mateka alikaguliwa meno, macho na sehemu za siri mbele ya watu, na mara nyingi alichomwa chapa ya mwenye mali kwa chuma cha moto. Wanaume walifungwa pingu wawiliwawili, wakalazwa chini ya sitaha kwenye vichanja vya mbao, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama. Wanawake na watoto waliwekwa mbali nao, na hilo liliwaweka wanawake karibu zaidi na mabaharia, kwa ubaya wote unaoufikiria. Upo mchoro mashuhuri wa mwaka 1788 wa meli ya Kiingereza Brookes, watu wamepangwa kama magogo. Sheria mpya ya Uingereza iliiruhusu kubeba watu 454. Katika safari moja ya nyuma yake ilikuwa imebeba 609.

Kuhara damu ndiko kulikoua wengi, na ndui. Waliogoma kula walifunguliwa vinywa kwa chuma. Pembeni mwa sitaha zilitandazwa nyavu, maana wengi walijirusha baharini. Waliletwa juu wakalazimishwa kucheza ili miili isilegee kabla ya mnada.

Kisha soma kisa cha Zong. Mwaka 1781 meli hiyo iliondoka Afrika ikiwa imejazwa watu 442, ikapotea njia karibu na Jamaika. Nahodha na watu wake wakasema maji hayatatosha, wakawatupa baharini mateka zaidi ya 120 kwa awamu, wakiwa hai. Mtumwa aliyekufa kwa ugonjwa hakulipiwa bima, lakini aliyetupwa kwa "dharura" alilipiwa pauni 30. Wenye meli walidai malipo, na baraza la kwanza la mahakama likawapa haki. Jaji mkuu alieleza kwamba kisheria ni kana kwamba waliotupwa ni farasi. Olaudah Equiano, aliyekuwa ameununua uhuru wake mwaka 1766, ndiye aliyeipeleka habari hiyo kwa mpinga utumwa Granville Sharp. Kesi iliamriwa isikilizwe upya, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa kuua. Ukiandika insha yako, andika hilo.

SWALI: Nimezaliwa Unguja, niko Muscat. Mmoja ananiambia biashara ya Waarabu ilikuwa mbaya kuliko ya Atlantiki, mwingine ananiambia utumwa wa Unguja ulikuwa wa upole. Nani mkweli?

JIBU: Wote wawili wanakwepa. Wa kwanza anataka ya Ulaya ifunikwe na ya wengine. Wa pili anataka ya kwetu isisemwe.

Tofauti zipo. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru, na masultani kadhaa wa Unguja mama zao walikuwa masuria. Linganisha na ile sheria ya Virginia. Atlantiki ilichukua wanaume kama wawili kwa kila mwanamke mmoja. Bahari ya Hindi iliwataka sana wanawake na watoto. Idadi zetu ni ngumu kuhesabu kwa sababu majahazi hayakuweka madaftari kama ya Liverpool, na hapo ndipo kila mtu anapojitungia namba anayoipenda.

Lakini neno "upole" mimi silikubali. Mwulize aliyeishiwa nguvu kwenye msafara akaachwa porini, au akauawa ili wengine wasijifanye wagonjwa. Waulize waliohasiwa. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba hayakulimwa kwa hiari. Waliohusika ni Waarabu, Waswahili, Wayao, Wanyamwezi, na matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji. Soko la Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku huko 1897, Kenya 1907 na Tanganyika 1922. Yapo majina ya ukoo na mitaa ambayo bado hayatajwi kwa sauti kwa sababu hiyo.

SWALI: Bibi yangu wa Bagamoyo alikuwa akitaja kitambaa cha merikani. Kina uhusiano wowote na mambo haya?

JIBU: Kina uhusiano mkubwa, na nimefurahi umeuliza. Merikani ni kitambaa kizito cha pamba, kisichotiwa rangi, kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mkataba kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na punde tu kitambaa hicho kikawa fedha ya bara: kwa doti za merikani ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa mtemi, ulilipa wapagazi, ulinunua pembe za ndovu, na ulinunua watu.

Kilifumwa na viwanda vya kaskazini mwa Marekani. Pamba yake ilichumwa kusini, na watumwa, wajukuu na vitukuu vya waliovushwa Atlantiki. Kwa hiyo mtu aliyetoka Ghuba ya Benin aliacha mjukuu shambani Marekani, na jasho la mjukuu huyo likafika Ujiji likiwa kitambaa, likamnunua Mmanyema. Pembe zilirudi Connecticut zikachongwa vibonyezo vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapanda bei, na vitambaa vya Bombay vikachukua nafasi.

SWALI: Kwa nini walikubali tu?

JIBU: Hawakukubali. Safari moja kati ya kila kumi hivi ilikuwa na uasi. Palmares, makazi ya watoro huko Brazili, yalidumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17, na Zumbi aliyeyaongoza aliuawa 20 Novemba 1695. Jamaika, Waingereza walilazimika kutia saini mikataba na watoro wa milimani mwaka 1739. Na Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliyachoma mashamba ya miwa, wakayashinda majeshi ya Ufaransa, Uingereza na Hispania, wakatangaza nchi ya Haiti tarehe 1 Januari 1804. Kumbuka kwamba wengi wa waliopigana walikuwa wamezaliwa Afrika, wengine walikuwa askari kwao Kongo, na wachache walitoka pwani yetu.

SWALI: Si Uingereza ndiyo iliyokomesha biashara hii kwa huruma yake? Na je, walioumizwa walilipwa? (Kampala)

JIBU: Walikuwapo Waingereza wenye huruma ya kweli. Maelfu kwa maelfu walitia saini maombi na wengi waliacha kutumia sukari ya watumwa. Bunge lilipiga marufuku biashara mwaka 1807, na manowari zake baadaye zilikamata meli kama 1,600 na kuwaokoa watu wapatao 150,000. Sitaki kuyapunguza hayo. Ila kabla ya hapo Waingereza ndio waliokuwa vinara wa biashara hiyo karibu karne nzima, na sheria ya 1833 ya kufuta utumwa ilipita mwaka mmoja tu baada ya Sam Sharpe kunyongwa Jamaika, kwa kuongoza mgomo wa Krismasi ya 1831 uliogeuka uasi wa makumi ya maelfu.

Fidia ililipwa, tena kubwa: pauni milioni 20. Walilipwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yuleyule kwa jina la "mafunzo" hadi 1838. Mkopo uliochukuliwa kulipia fidia hiyo ulimalizwa kulipwa na walipa kodi wa Uingereza mwaka 2015. Brazili ilisubiri hadi 13 Mei 1888, na haikuwapa walioachwa huru ardhi wala posho.

Haiti ndiyo iliyotendewa vibaya zaidi. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari na kuidai faranga milioni 150 kwa ajili ya waliokuwa mabwana, ili iitambue nchi hiyo. Deni lilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini Haiti ilikuwa imeshalazimika kukopa kwenye benki za Ufaransa ili kuilipa Ufaransa. Mikopo iliyotokana na deni hilo ilimalizika mwaka 1947. Nchi za Karibi zilitoa madai yao ya pamoja ya fidia, yenye hoja kumi, mwaka 2014, na Umoja wa Afrika uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa madai ya fidia. Haiti imo kwenye orodha ya wanaodai, na Ufaransa haijarudisha hata faranga moja.